Nina Haraka! Jinsi ya Kulisema Hilo kwa Kiingereza cha Kila Siku

Jana jioni nimeulizwa tena: "Mwalimu, 'ninawahi' kwa Kiingereza ni nini?" Wiki iliyopita lilikuja lile la "I delayed", na kabla yake kijana mmoja alitaka kujua kama kumwambia mgeni "hurry up" ni utovu wa adabu. Nafundisha Kiingereza cha jioni hapa Arusha. Wanafunzi wangu wengi ni madereva wa utalii, watu wa mapokezi hotelini na wafanyakazi wa ofisini. Sarufi wanaijua, wengine kunishinda hata mimi nilipokuwa na umri wao. Wanakwama mahali pamoja: wakiwa na haraka, wanatafsiri Kiswahili neno kwa neno.

Kwa hiyo nimeona niyaweke majibu yote pamoja. Sitakupa misemo sitini. Sentensi kumi zilizokaa vizuri mdomoni zitakufikisha mbali kuliko sitini ulizokariri juzi, kwa sababu mtu mwenye haraka hana muda wa kupekua kichwa.

Utakavyohitaji

- Daftari dogo, au ukurasa mmoja kwenye simu ambao hutaufuta.
- Simu yenye kinasa sauti. Aina yoyote inatosha.
- Mtu mmoja wa kukujibu: mwenzako kazini, mdogo wako, yeyote anayejua Kiingereza kidogo.
- Dakika kumi kila siku kwa wiki mbili hivi. Ukitaka kuyamaliza yote Jumapili moja, Jumatatu yatakuwa yamekwisha kichwani.

Hatua ya 1: Andika haraka zako kwa Kiswahili kwanza

Usianze na Kiingereza. Andika sentensi ambazo wewe mwenyewe huzisema ukiwa na haraka: "Nina haraka kidogo." "Nachelewa kazini." "Basi limeniacha." "Ngoja niwahi." "Nakuja sasa hivi." "Fanya haraka basi." "Usinikimbize." Dereva atakuwa na zake, mama mwenye watoto wa shule atakuwa na zake. Hizo ndizo utakazozihitaji, na hizo ndizo tutakazozitafutia wenzake wa Kiingereza.

Hatua ya 2: Kila sentensi iulize, haraka hii ni ya nani?

Hapa ndipo penye ufunguo wa mambo yote. Kiswahili kinabeba adabu kwa salamu, kwa "samahani", kwa "naomba", kwa "mzee wangu" na kwa sauti. Kiingereza nacho kina "sorry" na "please", lakini sehemu kubwa ya adabu yake iko katika kuchagua nani abebeshwe haraka. Msemaji mzoefu huichukua yeye mwenyewe, au huigawa kwa wote. Ni mara chache sana humtwika yule anayezungumza naye.

Pembeni ya kila sentensi yako andika: yangu, yetu, yako, au hakuna haraka. Hatua zinazofuata zinakwenda hivyo hivyo.

Hatua ya 3: Haraka yangu

Sentensi ya msingi ni "I'm in a hurry." Ndugu yake ni "I'm in a rush", ambayo ni ya mazungumzo zaidi kidogo. Maana ni ileile, chagua moja uizoee.

Angalia kwamba Kiswahili kina*miliki* haraka: nina haraka. Kiingereza kinakuweka *ndani* yake. Ndiyo maana "I have hurry" husikika vibaya, na ndiyo maana "in" na "a" hazidondoki kamwe. Ukitaka kusema unaharakia nini, ongeza "to": "I'm in a hurry to catch the ferry."

Tahadhari mbili. Ukiandika, ni "I'm", siyo "Am in a hurry". Kosa hili limejaa kwenye jumbe zetu kwa sababu masikio yanasikia "am" tu. La pili, msemo "I'm pressed for time" ni mzuri, maana yake muda umenibana. Lakini usiukate katikati. Ukimwambia Mkenya "I'm pressed" peke yake, atakuonyesha choo kilipo.

Hatua ya 4: Kuchelewa

Hapa kaa muda mrefu. "Nimechelewa" yetu inafanya kazi ya sentensi tatu za Kiingereza, na kila moja ina saa yake.

Uko njiani, muda haujafika, lakini unaona kabisa kwamba hutafika kwa wakati: "I'm running late." Hukimbii popote, unaweza kuwa umekaa kwenye daladala umeegemea dirisha. Hii ndiyo sentensi ya kutuma kwenye simu, na ukitaja dakika inakuwa bora zaidi: "I'm running about ten minutes late."

Muda umeshapita, au ndio unaingia mlangoni wenzako wameshaanza: "I'm late." Unaongeza "Sorry I'm late", kisha unakaa. Wengi wetu hapa huanza maelezo marefu, kwa kuwa kwetu kukaa kimya bila kujieleza ni kama dharau. Kwenye kikao cha Kiingereza sentensi hiyo moja inatosha. Maelezo yatasubiri mpaka uulizwe.

Kuna kitu kimekuchelewesha: "I got held up", au "I was delayed". Na hapa ndipo linapoingia lile la "I delayed". Kwa maana ya "nimechelewa", "delay" inahitaji kitu kinachocheleweshwa. Mvua inaweza kuchelewesha ndege. Mkutano unaweza kukuchelewesha wewe. Ukisema "I delayed", anayekusikia anaweza kuelewa kwamba uliahirisha jambo kwa makusudi, na huenda hukukusudia kabisa kusema hivyo.

Makosa mengine ya kundi hili, nayataja haraka kwa kuwa kila darasa jipya linakuja nayo:

- "I came lately." Hapana. "Lately" ni siku hizi za karibuni. Sema "I came late."
- "There was jam." Jam ikiwa peke yake ni ile ya kupaka kwenye mkate, na "I'm in a jam" ni kusema umo matatani. Foleni ni "traffic": "I'm stuck in traffic."
- "The bus left me." Basi halikukuacha, wewe ndiye uliyelikosa: "I missed the bus."

Hatua ya 5: Kuwahi

Hili ndilo swali la jana, na jibu lake ni kwamba Kiingereza hakina neno moja la kuwahi. Tuna bahati ya kitenzi kimoja kinachobeba kufika kabla, kukimbilia na kudiriki. Usitafute neno, tafuta unawahi nini.

Unawahi chombo cha usafiri: "I'm trying to catch the nine o'clock bus." Mwenzako akiuliza baadaye "uliwahi?", yeye atasema "Did you catch it?" Jibu ni "I just caught it" ikiwa ulidiriki kwa shida, au "I just missed it" ikiwa uliliona likiondoka.

Unawahi tukio au miadi: neno ni "make". "I hope I make it in time." "Did you make it?" "I made it!" Na usipoweza kufika kabisa: "I'm sorry, I can't make it." Kwa kitenzi hiki kimoja kidogo utajibu nusu ya jumbe zako za wiki.

Umefika kabla ya wenzako na mtu anakuambia "leo umewahi!" Hiyo ni "You're early!"

Watu hunichanganyia "on time" na "in time". Kikao ni saa nne, umefika saa nne: "on time". Boti inaondoka saa nne, umefika kwa wakati wa kuipanda, hata kama walikuwa wanafungua kamba: "in time". Ya kwanza inahesabu saa iliyopangwa, ya pili inaangalia kama hukukosa kitu.

Hatua ya 6: Kuaga ukiwa na haraka

Sisi husema "haya, ngoja niwahi", au "wacha nikimbie". Wao husema "I've got to run" au "I'd better get going". Uingereza utasikia pia "I must dash". Tanguliza neno jema: "It was great talking to you, but I've got to run."

Usiseme "Let me go". Nimesikia wanafunzi wakiagia hivyo kwenye simu, na upande wa pili mtu anajiuliza nani amekushika. Ajabu ni kwamba kuigeuza kunafanya iwe adabu: "I'll let you go" ni kama kusema nakuacha uendelee na shughuli zako. Hii iseme kwenye simu, siyo kazini ukiwa bosi. "We have to let you go" ikitoka kwa mwajiri, kazi imekwisha.

Jambo moja la desturi. Kwetu huwezi kumpita mtu mzima bila salamu hata nyumba ikiwaka moto. Shikamoo itatoka tu. Wenzetu hukubali kabisa mtu apite huku akisema "Can't stop, I'm running late!" na mkono ukipunga. Akikufanyia hivyo hajakudharau. Usimchukie.

Hatua ya 7: Haraka yako, yaani kumharakisha mtu

"Hurry up!" ni ya mtoto anayechelewa shule, ya ndugu yako, ya rafiki wa karibu. Kuongeza "please" hakuiponyi, bado ni amri.

Kwa mgeni, mteja au bosi, rudi kwenye swali letu na uifanye haraka iwe yetu: "We should probably get going." Mgeni ndiye anayekuchelewesha, bado anatafuta kofia chumbani, lakini unasema "we". Ukiongeza sababu, inakuwa nzuri zaidi: "We should get going if we want to be at the gate by six." Dereva mmoja wa darasa langu alikuwa akigonga mlango na kusema "You are late, hurry up". Alikuwa na haki kabisa, maana lango la hifadhi halimsubiri mtu. Alipobadilisha sentensi hiyo moja aliniambia wageni wanatoka upesi zaidi kuliko zamani, tena wanaomba radhi wenyewe.

Pale ambapo lazima umguse mtu mwenyewe, tanguliza samahani: "Sorry to rush you, but the car leaves at ten."

Kwenye barua pepe, "ASAP" (as soon as possible, yaani mapema iwezekanavyo) mwachie bosi. Kwa aliye juu yako, au mtu usiyemjua, taja siku: "Could you send it by Friday, if possible?" Siku inaeleweka. "ASAP" inaacha mtu ajikadirie mwenyewe na inamkera kidogo.

Hatua ya 8: Hakuna haraka

"No rush." "Take your time." "Whenever you're ready." Mhudumu wa hoteli, hizi tatu ni mali yako, ukizisema kwa tabasamu. "Take your time" ikisemwa kwa uso uliokunjwa inageuka kuwa kejeli, kwa hiyo uangalie uso wako.

"Slowly by slowly" haipo kwao. Sema "slowly", au "little by little" kama unamaanisha haba na haba. Lakini ukiwa mlimani Kilimanjaro usihangaike, sema "pole pole". Wapandaji hulijua neno hilo kabla hawajafika kambi ya kwanza, na wanalitaka likiwa la Kiswahili.

Hatua ya 9: Hakikisha saa yenyewe

Sentensi zote hapo juu ni bure ukikosea saa. Saa tatu asubuhi ni "nine in the morning". Ongeza sita au punguza sita, na uifanye hesabu hiyo *kabla* ya kufungua mdomo, kwa kuwa ukiwa na haraka ndimi hurudi nyumbani. Ukimwambia mgeni "three o'clock" ukiwa na maana ya saa tatu, atakuja saa tisa. Na Mwingereza akikuambia "half nine", ni saa tatu na nusu, siyo mbili na nusu.

Kuna msemo mmoja ambao sisi tunauelewa upesi kuliko wenyewe: "at the eleventh hour", dakika za mwisho kabisa. Unatokana na mfano wa wafanyakazi wa shamba la mizabibu katika Mathayo sura ya 20, ambapo wa mwisho wanaajiriwa saa kumi na moja. Anayehesabu saa kwa Kiingereza anaona saa tano, anashangaa mwisho uko wapi. Sisi tunaona jua linaelekea kuzama na kazi imebaki ya saa moja tu. Saa za mfano ule zinahesabiwa kuanzia kupambazuka, kama zetu.

Kisha viunganishi vidogo vya muda. "Nitafika baada ya dakika kumi" ni "I'll be there in ten minutes", siyo "after ten minutes". "By nine" maana yake saa tatu haitapita sijafika. "I'm on my way" ni ya mtu aliyekwisha kutoka nyumbani. Kama bado unafunga viatu, usiitume. Msikilizaji anahesabu dakika kweli kweli.

Hatua ya 10: Jirekodi

Chukua zile sentensi za hatua ya kwanza, ambazo sasa zina wenzake. Zisome kwenye simu, sikiliza, rudia. Kisha mwombe yule mtu wako akuharakishe kwa Kiswahili, wewe ujibu kwa Kiingereza bila kutazama daftari. Siku ya kwanza utababaika. Kufika siku ya nne ulimi unaanza kutangulia mawazo.

Onyo kubwa: "I'm coming"

Nimelitenga kwa sababu limewaumiza wengi. Dada mmoja wa mapokezi alikuwa akimhudumia mgeni. Simu ya ndani ikalia, akainuka, akamwambia mgeni "I'm coming", akaelekea ofisi ya nyuma. Kwetu hiyo ni "nakuja", yaani nisubiri narudi. Mgeni alimwona mtu anayesema anakuja huku akimpa mgongo. Akasimama na funguo mkononi, akatazama mlango, akatazama kaunta, mwishowe akaburuta sanduku lake mpaka kwenye kochi. Dada aliporudi, mgeni alikuwa ameshakasirika na yeye hakujua kosa lake ni lipi.

Ukiondoka utarudi: "I'll be right back." Ukiwa umeitwa na unakwenda kwa aliyekuita: "I'm coming!" Ukitaka mtu asubiri hapo hapo: "Just a moment, please."

Misemo ya kuelewa tu

"Step on it", "get a move on", "chop-chop", "make it snappy": zote ni fanya haraka, na zote zina ukali au utani wa watu waliozoeana. Zielewe ukizisikia, usizitumie kwa mgeni. "Hold your horses" ni kinyume chake: tulia kwanza. Na ukitamani kutafsiri "haraka haraka haina baraka", wao wana yao tayari, "more haste, less speed".

Ukikwama

*Nikiwa na haraka maneno yote yananipotea.* Unaunga neno kwa neno. Ichukue "I'm running late" kama neno moja refu, kama unavyoichukua "nimechelewa". Huigawanyi hiyo, basi na ile usiigawanye.

*Wanasema kitu kama "gara ran".* Ni "gotta run", yaani "I've got to run" iliyobanwa. Isikie hivyo, iseme ukipenda, lakini kwenye barua za kazi usiiandike.

*Nimeomba radhi, akajibu "you're fine".* Anasema usijali. Ni sawa na "no worries". Sema "thanks" na muendelee.

*Nikisema "late" wanasikia "rate".* Hili ni la wale ambao lugha zetu za nyumbani zinachanganya l na r. Jirekodi ukisema "late, rate, running late" taratibu mara kumi, asubuhi na jioni. Kwenye l ncha ya ulimi inagusa juu ya meno na kukaa. Kwenye r ya Kiingereza haigusi kitu.

*Wenzangu wa Nairobi na Kampala wanasema "I'm coming" na tunaelewana.* Endeleeni. Kiingereza cha kwetu kwa watu wa kwetu hakina kosa. Badilisha pale tu anayekusikiliza hakulelewa nacho.

*Nimeshachelewa, mkono unatetemeka, sijui niandike nini.* Nakili hii sasa hivi na uihifadhi kwenye simu, ili siku hiyo ubadilishe namba tu: "So sorry, I'm running about 15 minutes late. I'm stuck in traffic. Please start without me."